Askofu niliyemtoa Upanga

Mechi ya mwisho ya sataranji (chesi) ilichezwa Jumapili, kwenye ukumbi mmoja Upanga, Dar es Salaam, wenye feni tatu zilizokuwa zikizungusha joto tu. Nilikuwa na miaka 19. Nilipangiwa mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa ameshawafunga wenzangu wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tucheze."

Kete nyeupe zilikuwa zangu. Nikasogeza askari wa mfalme hatua mbili, naye akajibu kwa hatua moja. Ndiyo namna ya kuanza mchezo iitwayo Kinga ya Kifaransa! Jina lake limetokana na mechi iliyochezwa kwa barua kati ya London na Paris iliyoanza 1834, na waliocheza upande wa Paris walijua kufunga mlango. Haikuchukua muda katikati ya ubao pakajaa askari waliokabana, huku wala kule hakupitiki. Ila kinga hii ina deni lake: askofu mmoja wa weusi hubaki nyumbani, amezibwa na askari wa kwao.

Nilipomsukuma askari wangu hadi e5 (kila chumba cha ubao kina herufi na namba yake), farasi wake wa f6 ikabidi ahame. Farasi yule ndiye aliyekuwa akilinda h7. Hatua chache baadaye mzee akamficha mfalme wake upande uleule, na moyo ukaanza kunienda mbio.

Nikaikodolea h7. Dakika 20 za saa yangu zikaondoka hivihivi, karatasi ya kuandikia hatua ikalowa jasho la kiganja hadi wino ukatapakaa. Kumtoa askofu kwa askari mmoja, mbele ya mtu yule! Nikamtoa. Mfalme akamla. Farasi wangu g5, shaha, yaani mfalme kashambuliwa. Mfalme akarudi g8. Malkia h5, akiitishia h7 tena.

Angeweza kumtumia malkia wake amle farasi, lakini askofu wangu wa pili alikuwa akimsubiri.

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akaipapasa tarizi yake taratibu kwa kidole gumba. Kisha akanipa mkono, kukubali kwamba ameshindwa.

"Uliiona lini?"

"Farasi wako alipoondoka, mzee."

"Hata mimi niliiona. Nikasema, huyu kijana hatathubutu."

Akazirudisha kete mahali pake mwenyewe. Alitaka tujaribu mfalme akimbilie g6 badala ya kurudi nyuma. Tukajaribu, tukarudia tena, hadi mlinzi wa ukumbi akaanza kuzima feni moja moja.