Nilivyootesha mwaloni baada ya kindi kunimaliza

Nimekulia Lindi, kwenye mikorosho. Kwetu ukifukia korosho mvua zikianza, haupiti muda mrefu unaiona imepasua udongo na kujitokeza yenyewe. Nilipohamia Minneapolis, Marekani, nikadhani mbegu za mwaloni, mti mkubwa wa huku kwenye baridi, ni hivyohivyo. Oktoba niliokota kama 40 chini ya mwaloni mwekundu wa jirani, nikazifukia uani. Wiki haikuisha, vikabaki vishimo vitupu. Kindi walikuwa wamezifukua zote.

Mwaka uliofuata nilianza na ndoo ya maji. Zilizoelea nikazitenga. Baadhi zilikuwa na kitobo cha mviringo, na moja isiyo na kitobo nilipoipasua nikakuta funza mweupe, mnono, amejikunja ndani ya unga wa kiini alichokila. Ni mtoto wa fukusi. Akishiba hutoboa ganda na kujichimbia ardhini.

Kiini kizima nilikionja. Kina ukakasi kuliko bibo bichi! Ukakasi huo ni tanini, kemikali ya mimea inayokausha ulimi, na kwa mwaloni mwekundu ni mkali zaidi. Mbegu za mwaloni mweupe huota mzizi vuli ileile zinapoanguka, kwa hiyo kindi huelekea kuzila papo hapo. Za mwekundu hulala hadi baridi ipite, ndiyo maana huzifukia ziwe akiba.

Basi zilizozama nikazichanganya na mchanga wenye unyevu, nikazifungia kwenye mfuko ndani ya friji miezi mitatu. Aprili nikapanda 12 kwenye makopo marefu, nikafunika kwa waya wa banda la kuku.

Kimya. Nilikuwa nangoja mbegu ipande juu kama korosho. Bibi akanionya kwenye simu, "Mjukuu wangu, acha kuchokonoa." Nikachokonoa moja. Mzizi ulikuwa umeshashuka urefu wa kiganja, na juu hakuna kitu. Kumbe mbegu ya mwaloni haitoki udongoni. Hubaki chini ikiulisha mche.

Mwishoni mwa Mei yakatokeza machipukizi mekundu, laini, yenye vinyweleo. Yaliota 7.

Siku hizohizo, kando ya uzio ambako sikupanda chochote, nikaona miche miwili ya majani yaleyale. Kindi alifukia, hakurudi. Nayo nimeizungushia waya, maana sungura wa hapa hawaachi mche.