Maombi ya chuo, baada ya mwaka wa kuugua

Ugonjwa wa selimundu (sickle cell), wa damu na wa kurithi, ulinilaza hospitalini karibu muhula mzima wa kidato cha nne, wenzangu wakafanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, bila mimi, nami nikaufanya mtihani huo mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kibinafsi hapa Nairobi. Nilipata C+, ambayo ndiyo alama ya chini kabisa ya kusomea shahada, na juzi nimewasilisha maombi yangu kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Niliogopa kuulizwa nilikuwa wapi; kumbe mfumo hutambua namba ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani, wala hauna pa kuelezea maradhi, jambo lililonifariji na, nikiri, kuniudhi kidogo. Mama angependa nisome karibu na kliniki, nami nimemridhisha katika chaguo la kwanza. La pili ni Chuo Kikuu cha Maseno, huko magharibi mwa Kenya, mbali na Nairobi, na hilo sijamwambia bado.