Mto wa kwapani: kuushona na kuuchangia

Baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, hasa tezi za kwapani zikitolewa, mwanamke hupata tabu kushusha mkono kwa sababu unagusa kidonda. Mto wenye umbo la moyo hukaa kwapani na kuubeba mkono huo. Kwenye gari huwekwa kati ya kifua na mkanda.

Kitambaa kiwe pamba tupu, kifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi baadaye na mto ujikunje. Jaza nyuzi za poliesta, gramu 170 hivi. Pima kwa mizani, usikadirie! Wanaojitolea kwa mara ya kwanza hushindilia mpaka mto unakuwa kama mpira, nao mto mgumu huusukuma mkono badala ya kuupokea. Sufi iacheni, ikifuliwa hufanya mabonge. Tundu la kujazia liwe ubavuni, si kwenye bonde la moyo linaloingia kwapani, maana tundu hufungwa kwa sindano ya mkono, na mshono huo huwa na vinundu. Vifungo na shanga, hapana.

Kwenye michango, taja gharama ya mto mmoja. "Chochote ulicho nacho" huleta kidogo. Uhesabu na nauli ya kuipeleka mito hospitalini. Hiyo ndiyo husahaulika, mito ikalala stoo.