Yadi kumi kumi: kutoka White Hart Lane hadi Loughborough

Treni ya White Hart Lane, kituo cha karibu na uwanja wa Tottenham kaskazini mwa London, huondokea Liverpool Street, na safari yenyewe haifiki nusu saa. Jumapili ya tarehe 12 Oktoba 2025 niliipanda saa tano na nusu asubuhi, kwenda kuangalia Denver Broncos na New York Jets, timu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, mechi ya saa nane na nusu mchana. Anayetaka kufuata njia hiyo aangalie kwanza matangazo ya reli, maana matengenezo ya njia London hufanywa wikendi. Treni hiyo ikisimamishwa, unashuka Seven Sisters na kupiga mguu kama nusu saa kwa High Road. Tiketi iko kwenye simu, kwa hiyo simu iwe imejaa chaji. Noti ziache nyumbani, kwani uwanja wa Tottenham haupokei pesa taslimu hata kwa chupa ya maji.

Kitu cha kwanza kutazama ni jezi ndani ya behewa. Zinacheza timu mbili tu, lakini niliona Packers, Bears, Dolphins, Raiders na mzee mmoja wa 49ers, wote wamekaa bega kwa bega wakiongea kwa furaha. Siku ya Ligi Kuu, mtu aliyevaa jezi ya Arsenal hawezi kuja huku akiwa na amani hiyo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaujua mtaa huu kwa soka, na anajua timu bila mtani wa jadi inakosa nini. Shabiki wa Uingereza anaupenda mpira wa Kimarekani kama ligi. Amechagua klabu akiwa mbele ya televisheni, jirani yake kachagua nyingine, na hakuna kati yao atakayekwenda kazini Jumatatu akiogopa kuzomewa. Umaarufu wa namna hiyo upo kweli na unajaza viwanja, ila haujashika mizizi mtaani.

Uwanja wenyewe una viti 62,850, na nyasi zake ndizo zinazostahili safari. Nyasi za soka zimepandwa juu ya trei tatu kubwa za chuma, kila moja zaidi ya tani 3,000. Siku ya NFL trei hizo husukumwa chini ya jukwaa la kusini, kazi ya kama dakika 25, na chini yake kunatokea uwanja mwingine wa nyasi bandia, chini kwa mita 1.6. Tofauti hiyo ya kimo ina sababu. Kwenye soka, pembeni wamesimama makocha wawili na mshika kibendera. Kwenye mchezo huu pembeni kumejaa wachezaji wa akiba, makocha na madaktari, kila upande umati mzima wa watu warefu waliosimama. Uwanja ungekuwa juu, aliyenunua kiti cha mbele angelipia kuangalia migongo.

Shida ambayo wahandisi waliikwepa hivyo ilionekana Wembley. Tarehe 28 Oktoba 2007, New York Giants waliifunga Miami Dolphins 13–10 hapo kwa mvua, mechi ya kwanza ya msimu halisi wa NFL, si ya kirafiki, kuchezwa Uingereza. Wachezaji wa kilo 130 na zaidi hukanyaga, husukumana, kisha huburura viatu palepale mara sitini, na nyasi zikiloa huwa tope. Wiki tatu baadaye Uingereza ilicheza na Croatia kwenye uwanja huohuo, ikafungwa 3–2, ikakosa Euro 2008. Lawama za nyasi zilisikika sana, ingawa mimi naona goli la kwanza lilikuwa la mikono ya kipa zaidi kuliko la udongo.

Eneo hili hili liliwahi kuujaribu mchezo huu kwa unyonge zaidi. Mwaka 1995 London Monarchs, klabu ya ligi ndogo ya NFL ya Ulaya, walihamia White Hart Lane, uwanja wa zamani wa Tottenham. Uwanja wa mpira wa Kimarekani unataka yadi 100 kati ya mstari wa goli na mstari wa goli, na yadi 10 zaidi kila mwisho, jumla karibu mita 110. White Hart Lane haikutosha, wakacheza yadi 93. Miaka minne tu kabla, Juni 1991, Monarchs hao hao walitwaa World Bowl ya kwanza, fainali ya ligi hiyo, Wembley mbele ya watu 61,108, wakiifunga Barcelona Dragons 21–0. Watu walikuwa wameanza kuangalia NFL kupitia televisheni ya Channel 4 mwaka 1982, wakayajua majina ya nyota. Monarchs wakaleta wachezaji ambao Marekani haikuwahitaji, mtazamaji akaiona tofauti. Klabu ilizimika baada ya msimu wa 1998, na ligi yenyewe ikafungwa 2007, mwaka uleule NFL ilipoanza kuleta bidhaa halisi.

Mechi ya Broncos na Jets haikuwa tamu, na kwa anayetaka kujifunza hiyo ni bahati. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, ikifanikiwa huanza upya. Ukishajua hilo umejua nusu ya mchezo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuamua autupe kwa nani, na wa Jets, Justin Fields, aliangushwa mara 9 kabla ya kuutupa. Yadi anazopoteza kila anapoangushwa hukatwa kwenye hesabu ya pasi, ndiyo maana Jets walimaliza na yadi hasi 10 za pasi. Broncos walishinda 13–11.

Kinachomchosha Muingereza kwenye kiti chake ni kusubiri. Baada ya kila jaribio timu ina sekunde 40 za kujipanga, na matangazo ya televisheni yakiingia, mtu husimama uwanjani kumshikilia refa mpaka yaishe. Saa ya mchezo ni dakika 60, lakini unakaa karibu saa tatu, na mpira unakuwa hai kwa dakika chache sana. Nyumbani kuna marudio na mchambuzi. Uwanjani kuna baridi na foleni ya bia. Ushauri wangu: kaa juu, karibu na katikati. Chini utaona vita vya mabega, lakini hutaona mpokeaji wa pasi akikata kona yadi 20 mbele, na hapo ndipo mchezo ulipo.

Kutoka ni kazi. Foleni ya kituo cha White Hart Lane huzunguka mtaa. Tembea hadi Seven Sisters, utafika mapema kuliko waliosubiri.

Kesho yake nilichukua treni kutoka St Pancras hadi Loughborough, kama saa moja na nusu. Kituo kiko upande mmoja wa mji na chuo kikuu upande wa pili, kwa hiyo panda basi. NFL Academy, shule ya vijana ya ligi hiyo iliyoanzia London 2019, imehamia hapa, inawachukua vijana wa miaka 16 hadi 19, na wanasoma huku wakifundishwa mchezo. Njia ya zamani ya kupata wachezaji wa NFL huku ilikuwa kuchukua watu wazima wa raga, na haikuzaa sana. Louis Rees-Zammit aliiacha raga ya Wales Januari 2024 na akarudi 2025 bila kucheza mechi hata moja ya msimu halisi. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alifika Indianapolis Colts 2013 kutoka raga na alicheza, lakini hakudumu. Kasi wanayo. Tatizo ni kwamba kwenye raga kumzuia asiye na mpira ni kosa, na huku ndiyo nusu ya ajira. Mwili uliofundishwa miaka kumi kukwepa kosa hilo haubadiliki kwa miezi sita. Efe Obada, aliyejifunzia klabu ya London Warriors, alifika Carolina Panthers kwa sababu aliingia akiwa hana mazoea ya kufuta.

Karibu na chuo kuna viwanja vya raga, na nguzo zake zinadanganya. Upana wake ni mita 5.6 na mwamba uko mita 3 juu, karibu sawa kabisa na za NFL. Lakini nguzo za raga husimama juu ya mstari wa goli, zisizozidi mita 100 kati ya pande mbili, na za Wamarekani husimama nyuma ya eneo la mwisho la yadi 10. Klabu ya mtaani inayokodi uwanja wa raga hupungukiwa mita kumi, hivyo ama ifupishe uwanja ama izifunge nguzo magodoro na kucheza kuzizunguka. Juu ya hilo, helmeti mpya ya mtu mzima inazidi kwa urahisi pauni 200, na pedi za mabega pauni 100. Wachezaji 40 ni pauni 12,000 kabla ya mpira wa kwanza. Wahudumu wa afya wasipofika, mechi haichezwi.

Kwa hiyo mimi ningeweka pesa yangu kwenye mpira wa vitambaa (flag football), aina ya mchezo huu isiyo na kuangushana, utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Watu watano kwa watano, uwanja wa yadi 50 kwa 25 ukiongeza yadi 10 kila mwisho, mkanda wenye vitambaa kiunoni. Ukimvua kitambaa mwenye mpira, amesimama. Wanawake wa Uingereza walikuwa mabingwa wa Ulaya 2023, bila trei ya chuma wala jukwaa. Makosa ya wanaoanza ni mawili: shati linaning'inia juu ya mkanda na kuficha vitambaa, au mchezaji anashusha mkono kuvilinda. Yote mawili ni faulo. Chomeka shati, weka kinga ya meno, na mkanda usiufunge fundo, maana kitambaa kisipotoka atavutwa mwenye mkanda.