Binti Mrimba na mawe ya Kilwa

Bibi mzaa mama alikuwa akisimulia huku anasuka ukili. Vidole havisimami, macho hayaangalii kazi, na kisa kinakwenda kwa mwendo wa vidole. Kwao ni Kilwa Kivinje, na kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale.

Zamani, alisema, Kisiwani kulikuwa na mkubwa akiitwa Mrimba, mwindaji wa tembo. Siku moja likaja jahazi kutoka Shirazi, huko Uajemi, na mwenye jahazi ni Ali. Ali akakipenda kisiwa, akaomba akae. Mrimba akamwambia alete nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikatandikwa ufukweni mpaka mwisho ukakutana na mwanzo, Mrimba akazikusanya, akavuka bara. Wengi wakifika hapa hunyamaza. Bibi alikuwa hanyamazi. "Na Ali akamuoa binti Mrimba, wakazaa mtoto wa kiume, mtoto akaurithi mji. Usinikatie kisa katikati, mjukuu wangu."

Nilipokuwa kidato cha pili tuliulizwa kwenye jaribio ni nani walioijenga Kilwa. Nikaandika: watoto wa binti Mrimba. Karatasi ilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu, pembeni jibu sahihi: Waarabu na Waajemi. Simlaumu yule mwalimu. Ndivyo kitabu kilivyosema, na ndivyo naye alivyofundishwa. Jioni nikampelekea Bibi ile karatasi. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, za Kizungu hakuzijua, basi nikamsomea. Aliweka ukili chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaniuliza: "Sasa mama wa huyo mtoto wamempeleka wapi?"

Huu ni mwaka wangu wa 14 kufundisha Historia sekondari, na swali lile ndilo ninaloingia nalo darasani.

Kitabu kile kilikuwa na wazee wake. James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuchimbua magofu ya Gede karibu na Malindi mwaka 1948, aliandika mwaka 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani si mali ya Waafrika. Kwake yalikuwa ya Waarabu na Waajemi, watu waliochanganya damu na Waafrika lakini kwa utamaduni wakawa mbali nao kabisa. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama palepale penye damu iliyochanganyika. Maana yake mama yupo, amekubaliwa kuwa yupo, ila hakuja na kitu. Hakuja na lugha wala chungu, na hakuna alilomfundisha mwanawe. Mtoto wa namna hiyo sijapata kumwona popote.

Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kisheria, wenyeji huku na wasio wenyeji kule, kila kundi na sheria zake. Mswahili aliwatatiza kwa sababu hakuenea vizuri upande wowote. Watu waliozoea kuwapanga walio hai namna hiyo, waliwapanga na wafu vivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba shahidi alikuwepo muda wote. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Na akasema wazi kwamba wakazi wake wengi ni Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni. Yeye hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Mgongano ulionekana miaka mia sita baadaye, kwa wasomaji wake.

Kuna jambo la ufundi ambalo nadhani limeleta madhara kuliko maneno makali. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alichimbua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akachapisha ripoti yake kubwa mwaka 1974. Ni kazi ya uangalifu, na sitaki kumpunja mtu haki yake. Chini ya nyumba za mawe alikuta makazi ya zamani zaidi ya udongo na miti, na vigae vingi mno vya vyungu vya hapahapa. Lakini mchimbuaji akitaka kujua tabaka fulani la udongo ni la miaka gani, hutafuta kigae cha ng'ambo, bakuli la Uchina au sahani ya Uajemi, kwa kuwa tarehe zake zinajulikana kule vilikotengenezwa. Hapo hakuna ubaya. Ila kigae hicho kikishapewa kazi ya saa, taratibu kinapewa na kazi ya baba. Sura za kitabu zinapangwa kwa kukifuata, nacho ndicho kinachowekwa ndani ya kioo kwenye makumbusho, wakati chungu alichopikia mwenye nyumba kila siku, ambacho ndicho kingi, kinabaki kwenye gunia stoo.

Mambo yalianza kugeuka vigae vile vilipotazamwa kwa makini. Kule Shanga, kisiwa cha Pate nchini Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe. Akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye vijengo vidogo vya miti vya karne ya 8. Ni msikiti juu ya msikiti mahali pamoja, jamii ileile ikijenga na kubomoa na kujenga tena, na vyungu vyake ni vya ukoo mmoja na vya watu wa bara. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye alionyesha kuwa kwenye pwani yetu, Rufiji ikiwemo, waliishi wakulima na wafua chuma tangu karne za mwanzo baada ya Kristo. Wanaisimu nao wameweka wazi kuwa Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Mji haukushushwa na jahazi ukiwa umekamilika.

Hapo wengi tukaangukia upande wa pili. Tulisema Shirazi ni jina tu, watu walijipachika nasaba ya mbali ili kujikweza. Nimelifundisha hilo kwa miaka kadhaa, nikidhani namtetea Bibi. Kumbe nami nilikuwa nimemkatia kisa katikati, kwa upande mwingine.

Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba (DNA) vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Kilwa na Songo Mnara, kisiwa jirani yake, zimo. Mmoja wa walioongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa muda mrefu. Walikuta kuwa asili ya Kiafrika na ya Asia zilianza kuchanganyika kwenye mwaka 1000 hivi. Upande wa Asia ulitoka zaidi Uajemi, na zaidi kwa wanaume. Upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake.

Niliposoma nilitoka nje nikakaa barazani. Bibi alikwisha fariki. Jahazi la kutoka Uajemi lilikuwepo kweli, na binti Mrimba alikuwepo kweli.

Mwalimu mwenzangu alinitumia habari ile WhatsApp na maneno matatu: "Unaona? Walijenga Waajemi." Nilimjibu kwa urefu, na nitajibu tena hapa. Shanga ilikuwa na msikiti karne mbili hivi kabla ya damu kuanza kuchanganyika. Wengi wa waliopimwa walizikwa kwenye makaburi ya watu wa hadhi, kwa hiyo hatujapima mji mzima. Na kinasaba hakichomi chokaa. Tena kuna kipimo ninachokipenda cha kuona kama tunatumia mizani moja. Karne ya 10 al-Istakhri, mwanajiografia wa Uajemi, aliandika juu ya Siraf, bandari tajiri ya Waajemi kwenye Ghuba, kwamba nyumba zake zilijengwa kwa misaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Wazanji. Boriti za kwetu zilibeba dari za Uajemi. Bado sijakutana na kitabu cha shule kinachosema Siraf ilijengwa na Waafrika, wala mimi sitakisema hivyo. Basi bakuli la Siraf likikutwa Kilwa, lihesabiwe kuwa bakuli.

Turudi kwenye kisa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kitabu kilikisoma kama habari ya biashara: Mwajemi alinunua kisiwa kwa nguo, Mwafrika akauza akaondoka. Bibi alikisikia kama habari ya ndoa. Nguo nyingi zinazotandazwa mbele ya baba mwenye binti, kwa masikio yetu ni mahari kabla hazijawa bei. Huku kusini Wamakonde na Wamwera wamehesabu ukoo upande wa mama tangu zamani. Katika jamii ya namna hiyo mgeni anayeoa ni mkwe, anakaa kwa wakwe zake, na mtoto anarithi kwa sababu ya mama yake. Ali hakuhitaji kuishinda Kilwa wala kuinunua. Ilimtosha kuoa vizuri.

Huo ni usomaji wangu, na nautetea. Masimulizi haya yameandikwa pia kwa Kiarabu, na nakala yake ya mkono imo Maktaba ya Uingereza huko London. Mreno João de Barros alichapisha muhtasari wa namna yake mwaka 1552, miaka 47 baada ya meli za Mreno mwenzake Francisco d'Almeida kuupora mji ule. Wote hao wamesomwa, wamelinganishwa, wamepimwa. Wasimuliaji wanaosuka ukili ndio walioachwa nje, na wao ndio walioshikilia kipande cha binti.

Mwaka jana niliwavusha wanafunzi 31 kwa boti kutoka Kilwa Masoko. Ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba, sikuwauliza nani alijenga. Niliwauliza imejengwaje. Tulikuwa na fundi mzee wa kisiwani aliyefanya kazi ya kukarabati magofu, na nikamwachia uwanja.

Aliokota kipande cha tumbawe kilichoanguka akampa kila mmoja akishike. Likitoka baharini, alisema, ni laini, unalichonga kwa tezo kama muhogo mbichi, ukilichelewesha linakauka linakuwa jiwe. Siku hizi kukata matumbawe hai kumekatazwa, na ni haki. Akaeleza chokaa: magogo yanapangwa duara, mabichi na makavu, matumbawe yanalundikwa juu, moto unawashwa katikati na kuachwa uwake mpaka asubuhi, kisha ule unga mweupe unaachwa upigwe na mvua miezi kadhaa. Akawatoa nje mpaka kwenye chumba cha nyumba ya kale akawaambia walale chini wakipime kwa miili yao. Kirefu, chembamba. Kwa nini chembamba? Wakakisia joto, wakakisia adui. Akawaonyesha tundu za boriti ukutani. "Mkoko haurefuki zaidi ya hapo. Mti wa delta ya Rufiji ndio uliokata upana wa chumba."

Msichana mmoja mkimya, ambaye darasani sijapata kumsikia akiuliza, alikuwa bado amelala sakafuni akitazama zile tundu. Akauliza chokaa yote ile nani aliibeba kutoka kwenye tanuri.

"Wanawake," fundi akasema. "Mama yangu aliibeba alipokuwa kigoli, nyumba ya jirani ilipojengwa. Kichwani, kwa pakacha."

"Aliitwa nani?"

Akamtajia. Msichana akakaa kitako, akafungua daftari, akaandika jina lile juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo huwa tunaandika mada ya somo.