Nani anasema hapa? Kufundisha gredi ya 10 kusoma makala ya kitaaluma

Soma aya hii kuhusu Sheng, lugha ya mseto ya vijana wa mijini nchini Kenya. Imetungwa kwa ajili ya zoezi tu, usiitafute kwenye jarida lolote:

"Wataalamu kadhaa wanadai kuwa Sheng inadhoofisha umilisi wa Kiswahili miongoni mwa vijana wa mijini. Madai haya hutegemea kwa kiasi kikubwa makosa ya tahajia katika insha za wanafunzi. Hata hivyo, makosa ya aina hiyo huenda yakatokana na uhaba wa mazoezi ya kuandika, wala si lazima yawe zao la Sheng."

Wape vijana wa Nairobi aya hiyo, kisha uliza: mwandishi ana msimamo gani? Sehemu kubwa ya darasa itajibu kwamba mwandishi anasema Sheng inaharibu Kiswahili. Msamiati haukuwashinda. Walichokosa ni kutambua kwamba sentensi ya kwanza ni sauti ya watu wengine, na mwandishi ameileta pale ili aipinge.

Kosa hili tunalifundisha wenyewe. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ufahamu una alama 15 na ufupisho 15. Mbinu inayozunguka madarasani ni kuanza na maswali, halafu kurudi kwenye kifungu kuwinda sentensi yenye neno la swali. Inaleta alama, sibishi. Lakini makala ya kitaaluma hujengwa kwa mabishano: fulani amesema hivi, mwingine akamjibu, nami naona vile. Ukiwinda sentensi moja humo, una hatari ya kumnukuu mpinzani ukidhani ni mwenye makala. Sasa kwa kuwa gredi ya 10 iliingia shule ya upili ya juu Januari 2026, na wanafunzi wanatakiwa kufanya miradi na utafiti mdogo katika masomo yao, tabia hiyo inatugharimu zaidi.

Kwa hiyo usianze na orodha ya maneno magumu. Anza na sauti. Kila jozi iwe na nakala moja na penseli moja. (Nakala moja kwa wawili si ubahili: wakigawana karatasi watalazimika kubishana, na kubishana huko ndiko somo lenyewe.) Maneno ya watu wengine yapigiwe mstari wa mawimbi, maneno ya mwandishi yapigiwe mstari mnyoofu, na neno linalogeuza mkondo lizungushiwe duara. Kisha jozi iandike sentensi moja ya umbo hili: "Wengine wanasema ...; mwandishi anasema ..., kwa sababu ..." Wakishindwa kujaza nafasi ya tatu, hawajaielewa aya, hata kama mistari yao imenyooka vizuri.

Maneno ya kuwinda si mengi. Yapo yanayoleta sauti ya mtu mwingine: wanadai, wanashikilia, inasemekana, kwa mujibu wa. Yapo yanayogeuza: hata hivyo, ilhali, licha ya, kinyume na. Na yapo yanayopima uzito wa kauli: huenda, yamkini, aghalabu, yaelekea. Kundi hili la mwisho ndilo wanafunzi huliruka, kwa sababu mtihani umewazoesha kwamba jibu ni ndiyo au siyo. Mwandishi akisema "huenda", wao huandika "ni". Ni upotoshaji mdogo wa herufi na mkubwa wa maana.

Tofautisha pia "wanadai" na "wanathibitisha". Mwandishi anayeandika "wanadai" tayari ameinua nyusi. Msomaji wa Kiswahili analijua hilo akiwa sokoni au kwenye matatu, lakini akishika karatasi yenye tanbihi analisahau.

Kikwazo cha pili ni nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi. Chukua sentensi kama hii: "Upungufu wa upatikanaji wa maji safi umehusishwa na ongezeko la utoro shuleni." Nomino zimerundikana, na hakuna mtu hata mmoja anayeonekana akifanya jambo. Wafundishe kurudisha nomino kwenye kitenzi na kuuliza nani anafanya nini. Watu hawapati maji safi ya kutosha. Wanafunzi wanakosa shule zaidi. Mtu fulani ameona mambo hayo mawili yakiandamana. Hapo ndipo swali zuri linapojitokeza: nani huyo aliyehusisha? Kauli ya kutendwa imemficha. Na "umehusishwa na" si "umesababisha". Mwanafunzi anayeandika "ukosefu wa maji unasababisha utoro" ameongeza dai ambalo sentensi haikulitoa. Tumeshafundisha mnyambuliko wa vitenzi tangu shule ya msingi. Hapa hatimaye una kazi.

Kuhusu muda: kipindi ni dakika 40, na kosa la kawaida ni kutaka makala nzima iishe. Haitaisha. Tumia dakika 5 kutazama bila kusoma: kichwa, ikisiri (muhtasari mfupi unaotangulia makala), vichwa vidogo, aya ya mwisho, wabashiri makala inabishana na nani. Dakika 10 mwalimu asome aya moja kwa sauti huku akisema anachowaza, pamoja na pale anapokwama: "Hapa 'wao' ni akina nani? Ngoja nirudi juu." Dakika 15 jozi zifanye aya mbili zinazofuata kwa penseli. Zilizobaki ni za kubadilishana karatasi na jozi ya jirani na kutetea mistari. Darasa likiwa na wanafunzi 50, hizo ni jozi 25. Huwezi kuzipitia zote, basi kusanya sentensi moja moja tu na usahihishe usiku. Wiki tatu za kwanza, aya tatu kwa kipindi zinatosha kabisa.

Jambo moja linaloharibu mpango huu mzuri ni mwalimu kuanza kufafanua. Ukishaeleza makala inasema nini, hakuna sababu ya mtu kuisoma. Watakungoja wewe kila mara. Vumilia kimya cha dakika mbili.

Uteuzi wa matini: kurasa mbili, maneno 600 hadi 800, zilizokatwa kutoka makala ndefu. Hesabu maneno 100 popote pale. Mageni kwa darasa lako yakizidi 5, tafuta nyingine. Jihadhari na maneno yanayofanana na ya nyumbani: "mzizi" na "mazingira" katika isimu si vya shambani, na mwanafunzi hatafungua kamusi kwa neno analodhani analijua. Jarida la Swahili Forum linasomeka bure mtandaoni. Ukitaka karatasi mkononi, wapeleke maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji, au ile ya taifa.

Majedwali pia ni matini, na wanafunzi huyaruka kama matangazo. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, wastani wa watu 6,247 kwa kila kilomita ya mraba. Waulize wastani huo unaficha nini. Ukimya. Kisha waambie ndani ya mipaka ya kaunti kuna mbuga ya taifa yenye kilomita za mraba zipatazo 117 ambazo wakazi wake ni simba na twiga. Kutoka hapo wenyewe wataanza kulinganisha Mathare, mtaa wa mabanda uliosongamana, na Karen, mtaa wa kitajiri wenye viwanja vikubwa. Kanuni ya jedwali ni kusoma kichwa, kipimo na mwaka kabla ya tarakimu yoyote. Anayeanza na tarakimu atalinganisha maelfu na asilimia bila kujua.

Masomo mengine karibu yote yako kwa Kiingereza, na walimu wa Kiswahili tuna faida ambayo hatuitumii. Mpe mwanafunzi aya ya Biolojia au Jiografia ya Kiingereza, aandike muhtasari wake kwa Kiswahili, maneno yasiyozidi 40. Hawezi kunakili sentensi na kubadilisha neno moja, ujanja ambao katika lugha ile ile hupita bila kuonekana. Ikiwa hakuelewa, Kiswahili kitamuumbua.

Wengine wataipa simu ifanye muhtasari. Usipoteze sauti yako kukemea. Leta muhtasari huo darasani, uweke kando ya aya, na jozi zitafute kila "huenda" na kila "wanadai" iliyodondoka.

Ukifika wakati wa kupima, usiulize "mwandishi anasema nini kuhusu Sheng", watawinda. Uliza swali ambalo jibu lake halimo kwenye sentensi yoyote: ukiondoa "huenda" katika sentensi ya tatu, mwandishi atahitaji ushahidi gani ambao sasa hana? Alama 4: moja kwa kuona kwamba dai limekuwa zito zaidi, mbili kwa kutaja ushahidi unaofaa, kwa mfano insha za wanafunzi wanaozungumza Sheng na wanafanya mazoezi mengi ya kuandika, na moja kwa kueleza ushahidi huo ungeonyesha nini. Mara ya kwanza wengi watapata 1. Rudisha karatasi, wape aya nyingine, swali la aina ile ile, wiki inayofuata.