Vumbi la rangi ya zamani na mtoto anayetambaa

Sikukuu zinapokaribia, nyumba nyingi hapa Dar es Salaam hupakwa rangi upya, na kazi huanzia kwenye geti, milango na nondo za madirisha, ambako rangi ya mafuta ya miaka iliyopita hukwanguliwa kwa msasa mkavu hadi chuma kionekane. Kazi hiyo hunitia wasiwasi mkubwa inapofanyika mbele ya watoto wadogo, kwa sababu rangi ya mafuta ya zamani, hasa ya njano, nyekundu au ya machungwa, mara nyingi huwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi miligramu 90 kwa kila kilo ya rangi, lakini pendekezo hilo haliwezi kuiondoa ile iliyokwisha kukaukia kwenye geti.

Juzi, katika uwanja wa nyumba tunayopanga Magomeni, fundi alikuwa anasugua geti huku vumbi la njano likitua juu ya mkeka alipokuwa anatambaa mtoto wa jirani yangu, aliyekuwa akipapasa mkeka na kutia vidole mdomoni. Nilimwambia, "Mama Rehema, tumtoe mtoto kwanza." Alishangaa, kwani alidhani kinachodhuru ni harufu ya rangi mbichi tu. Fundi, kwa uungwana, alikubali kutandika turubai, kutumia msasa wa maji na kukusanya makwangu yote kwenye mfuko badala ya kuyafagilia kwenye mchanga wanakochezea watoto.

Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na madini hayo hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi na kuudhuru ubongo ambao bado unakua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tena mara nyingi hakuna dalili: mtoto hula na kucheza kama kawaida, kisha madhara yanajitokeza shuleni, anaposhindwa kutulia na kushika masomo. Ndiyo maana nasisitiza kudeki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi likiwa kavu, kuosha vitu vya kuchezea, na kumnawisha mtoto kwa sabuni kabla ya kula.

Wanja nao unahitaji kusemwa, ingawa najua si rahisi kulisema jambo hili mbele ya bibi anayempaka mjukuu wake ili kumkinga na husuda. Baadhi ya wanja hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi. Mtoto akifikicha macho, mkono huohuo huenda mdomoni. Heshima kwa bibi isituzuie kumweleza kwa upole.

Betri za magari na za sola zisifunguliwe uani, wala chubwi za kuvulia samaki zisiyeyushwe kwenye jiko la kupikia, kwani navyo mara nyingi huwa na risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na watoto wao walikutwa na risasi katika damu. Anayefanya kazi ya betri abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo dagaa, maharage, mchicha na maziwa vina msaada wake. Na kama maji yana risasi, kuyachemsha hakuiondoi.

Kipimo cha kuaminika ni cha damu. Kikionyesha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa, hivyo mzazi amweleze daktari kazi zinazofanyika nyumbani na kila kitu anachopakwa mtoto. Dawa za kuitoa risasi mwilini hutolewa kwa watoto wenye kiwango kikubwa, na hata hao hudhurika upya wakirudishwa kwenye chanzo kilekile.